Doa Jekundu la Pori Namba Tisa

Si zamani sana, na wala si hapa kwetu, palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Majivuni. Nasema mapema kwamba nchi hii haipo. Msomaji atakayeona inafanana na nchi fulani anayoijua, aende akapimwe macho, maana hospitali za siku hizi zina miwani mizuri.

Katika nchi hiyo palikuwa na Wizara ya Mahali. Kazi yake ilikuwa kuamua wapi ni mahali na wapi si mahali. Mji uliotaka kuwa mji ulipaswa kukubaliwa na wizara; usipokubaliwa, hata kama watu wake wanaoana, wanagombana na kuzikana, kisheria ulikuwa pori. Mkuu wa Idara ya Pasipo Watu alikuwa Bwana Nasibu Chande, mtu mpole, mwembamba, mwenye suti mbili na mwandiko wa kupendeza. Kila wakazi wa Pori Namba Tisa walipoandika kuomba bomba la maji na zahanati, yeye ndiye aliyewajibu, kwa heshima zote, kwamba wizara imeipokea barua yao na imefurahishwa na lugha yake fasaha, ila inasikitika kuwaarifu kuwa hawapo.

Ikifika saa tisa na nusu alasiri, Bwana Nasibu alifunga ofisi, akanunua nyanya njiani, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani kwake, Pori Namba Tisa.

Tusimcheke. Nyumba za serikali zilikuwa za wakubwa, za kupanga zilikuwa za wageni, na mshahara wa mkuu wa idara ulitosha kupanga ukumbi usio na chumba. Pori, kwa upande wake, lilikuwa na kila kitu. Wenyewe waliliita Fukuto, kwa ajili ya joto lake. Huku walichoma matofali, kule walichomelea mageti, pale walikaanga mihogo na samaki, na katikati ya yote palikuwa na tanuri la mikate la Mwanaidi, mke wa Nasibu. Mikate hiyo ndiyo iliyoliwa na chai ya saa nne pale wizarani, tangu kwa mfagizi hadi kwa waziri, na hapakuwa na aliyewahi kuuliza imeokwa mji gani.

Mwanaidi ndiye pia aliyekuwa katibu wa kamati ya maji ya Fukuto. Barua za maombi aliziandika yeye, jikoni, unga ukiwa bado vidoleni. Asubuhi mumewe alizibeba kwenda ofisini, akazipokea, akazigonga mhuri, akazijibu, na jioni akarudi na majibu mfukoni ili kuokoa stempu. Walikula pamoja bila kuigusa habari hiyo. Ndoa yao ilikuwa njema, kwani mambo ya kazini waliyaacha kazini.

*

Mtukufu Rais wa Majivuni alikuwa mpenzi mkubwa wa viwanda. Alikuwa amejenga Jiji la Viwanda upande wa mashariki, na haukupita mwezi bila yeye kwenda kufungua kiwanda kipya. Utaratibu ulikuwa mmoja. Linatandazwa zulia, ngoma zinapigwa, utepe unakatwa, Rais anabonyeza kitufe na mashine kubwa ya kijani inanguruma. Watu wanapiga makofi. Rais akishaondoka, mashine inazimwa, inapakiwa kwenye lori na kupelekwa jengo la pili ikasubiri kufunguliwa tena. Ilikuwa mashine hiyo hiyo moja. Hakuna aliyejua inatengeneza nini, na kuuliza kulihesabiwa kuwa upungufu wa uzalendo.

Kwa fikra za Majivuni, huo haukuwa uongo. Wataalamu wake waliamini kwa dhati kwamba kinachozaa kiwanda ni kukata utepe, kama vile kinachozaa ndoa ni nikaha. Mengine watajaliwa mbele ya safari. Basi Jiji la Viwanda lilikuwa limekatiwa tepe nyingi kuliko jiji lolote duniani, na picha yake ilichapwa kwenye noti, kwenye stempu na kwenye madaftari ya shule.

Ndipo ikaja ramani.

Jumuiya moja ya kimataifa ilikuwa imerusha setilaiti ya kupima hewa ukaa inayotoka mijini, ile hewa isiyoonekana ambayo huzaliwa kila panapochomwa mafuta, mkaa au kuni. Mji wenye kuchoma sana ulitokea kwenye ramani ukiwa na doa jekundu. Nia ya jumuiya ilikuwa kuwatia haya wenye madoa ili wapunguze. Lakini Mtukufu Rais aliitazama ramani akaona jambo lingine kabisa. Aliona nchi jirani ya Songoro ina doa jekundu mfano wa chapati, na juu ya Jiji lake la Viwanda pana rangi ya kijani tupu, mchicha mtupu. Rais wa Songoro hakuchelewa kumpigia simu kumpa pole.

Ikulu ikamwita Bi Asteria wa Idara ya Hali ya Hewa, mtu pekee nchini aliyejua kusoma data za setilaiti. Bi Asteria alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alieleza kwa upole. Alisema jua hupiga ardhi, mwanga ukarudi juu, na hewa ukaa iliyo njiani hula sehemu ya mwanga ule. Setilaiti hupima kilicholiwa, kama mama anavyofunua sufuria akajua mboga imeonjwa. Juu ya Jiji la Viwanda mwanga ulikuwa umerudi mzima, haujaonjwa na mtu.

Waziri wa Mahali, Mheshimiwa Dakta Kondo Mbarale, aliuliza kama setilaiti hiyo inaweza kuonwa pembeni, ikazungumzwa nayo. Aliambiwa iko mbali mno. Akauliza kama haina ndugu yeyote huku chini. Alipoambiwa haina, alitikisa kichwa kwa huruma, maana hajawahi kukutana na kiumbe mpweke namna ile.

Rais akatoa agizo fupi kwamba doa lipatikane, na liwe kubwa kuliko la Songoro.

*

Operesheni Doa ilifanyika wiki iliyofuata. Watumishi wote wa serikali waliagizwa kufika Jiji la Viwanda, kila mmoja na mzigo wa kuni au tairi bovu, kabla setilaiti haijapita mchana. Bwana Nasibu naye alikwenda, suti yake ya pili mwilini na mzigo wa kuni kichwani, akapangwa nyuma ya Kiwanda cha Nguo, ambacho ndani yake mbuzi wawili walikuwa wakila nyasi za sakafuni. Waziri Mbarale alipanda jukwaani.

Hotuba ilikuwa ndefu, na hapa naitoa kiini chake tu. Alisema wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto, nao hawakumaliza, kwani hawakuwa na digrii. Yeye aliongeza kwamba palipo moto pana kiwanda, na palipo kiwanda pana Rais. Aliwataka wananchi wajione kuwa, kwa siku hiyo, kila mmoja wao ni bomba la moshi.

Walichoma. Walichoma kuni, matairi, madawati na bango la kumkaribisha Rais. Moshi ulipanda mweusi, mzito, ukakutana na mawingu ya mvua yaliyokuwa yakija zake, vikafungamana. Jukwaa halikuonekana tena, ila waziri aliendelea kusikika humo ndani akiishukuru kamati ya maandalizi. Watu walirudi makwao wameungua nyusi, wamefurahi kwa kuwa kila mmoja alipewa soda.

Siku chache baadaye Bi Asteria alileta matokeo, na safari hii alisita mlangoni. Ilimbidi aeleze kwamba setilaiti huona kwa mwanga, na penye wingu zito na moshi mzito haioni lolote. Mahali pa Jiji la Viwanda sasa hapakuwa hata na kijani. Palikuwa na tundu jeupe. Serikali ilikuwa imelifuta jiji lake yenyewe kwenye ramani ya dunia.

Lakini lilikuwapo jambo la pili, alisema. Magharibi, ambako kwenye ramani ya kwanza kulikuwa na wingu na safari hii hakukuwa nalo, doa lilikuwa limetokea, jekundu, la mviringo, linalong'aa. Lilikaa juu ya Pori Namba Tisa.

*

Habari hiyo ilimgonga Nasibu vibaya, kwa sababu juu ya meza yake kulikuwa na karatasi.

Kampuni iitwayo Pumzi Safi ilikuwa imekodishwa Pori Namba Tisa lote ili ipande miti. Miti ingevuta hewa ukaa, na kampuni ingeuza usafi huo kwa matajiri wa mbali waliotaka kuendelea kufukiza moshi huku mioyo yao ikiwa myeupe. Usafi huo wanaupakia kwenye nini, msiniulize mimi. Sharti lilikuwa moja, kwamba porini pasiwe na mtu wala moto. Matrekta yalikwisha fika mpakani, yakingoja Hati ya Pasipo Watu yenye saini ya Bwana Nasibu Chande. Mara ya kwanza alipotakiwa kusaini, Nasibu alisema kalamu imekauka. Mara ya pili mhuri ulipotea, ukaonekana mfukoni mwake. Mara ya tatu aliumwa tumbo, na hilo la tumbo halikuwa uongo.

Sasa kampuni iliona doa ikaja juu. Ilisema imenunua hewa safi na inaonyeshwa hewa iliyokwisha tumika. Waziri akaahidi kwamba chochote kinachowaka humo porini kitazimwa kwa matrekta mara tu hati itakaposainiwa, na saini ingepatikana mbele ya Rais mwenyewe.

Nasibu alimweleza mkewe yote jioni hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kuleta kazi nyumbani. Alimkumbusha kwamba kwa sheria mtumishi anayekutwa akiishi pasipo mahali hufukuzwa bila kiinua mgongo, kwa hiyo akikataa kusaini na kueleza sababu watakosa mshahara, na akisaini watakosa nyumba. Mwanaidi alikuwa akikanda unga, na hakuacha.

"Barua zangu zote umenijibu kwamba sipo, nikanyamaza," alisema. "Nikasema ni kazi yake, baba wa watu, afanyeje. Lakini hiyo ukiisaini, Nasibu, tanuri langu litavunjwa na mkono wako. Mkono huo hautagusa mkate wangu tena."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Nasibu alimpenda mkewe, aliipenda na kazi yake, hasa mwandiko wake kwenye karatasi yenye nembo. Hakuwahi kufikiri kwamba vitu viwili vilivyoishi naye kwa amani miaka yote vingekuja kumtaka achague.

*

Kikao kilifanyika wizarani, kwenye chumba kikubwa chenye picha kubwa ya Jiji la Viwanda ukutani. Rais aliketi mbele. Bi Asteria alitandaza ramani. Chai na mikate vikapitishwa.

Kwanza wataalamu walitakiwa kueleza kitu gani kinachowaka mahali pasipo watu. Mmoja alisema ni volkano changa. Wa pili alisema ni pumzi za tembo, na alikuwa na jedwali. Wa tatu, kutoka usalama, alisema ni Songoro, wamepenyeza doa lao kwa siri ili kutuchafulia pori. Rais aliwasikiliza wote kwa utulivu huku akichovya mkate kwenye chai. Kisha Waziri Mbarale aliisukuma hati mbele ya Nasibu, akamfungulia kalamu kwa mkono wake mwenyewe.

Nasibu aliishika kalamu. Aliusoma mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa mwandiko wake, akaona jinsi ulivyopendeza. Halafu akasimama.

"Mtukufu Rais, siwezi kusaini kwamba pale hapana watu," alisema. "Mimi nakaa pale."

 Waziri alimwambia kwa sauti ya baba kwamba amechoka, aketi, atapewa likizo.

"Huwezi kukaa pale, Bwana Nasibu. Pale si mahali. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika."

"Niliandika, Mheshimiwa. Lakini mikate hiyo mnayokula mke wangu anaioka pale. Hilo doa, sehemu yake ni mkate."

Macho yote yalihamia kwenye sahani. Naibu waziri, aliyekuwa katikati ya kutafuna, hakujua kama ameze.

Bi Sikujua, mama wa chai, aliweka birika chini, akasema kwa kuwa limekwisha tajwa, na yeye yuko pale pale, nyuma ya wachoma matofali. Dereva wa waziri akasema jirani yake ni huyo mama. Katibu muhtasi akainua mkono bila kuinua uso. Naibu waziri akameza, akakiri kwamba ana chumba kimoja huko, cha muda tu, na watoto wanne wamezaliwa humo kwa muda. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Shaha, mpishi wa waziri, aliyemletea bwana wake chakula cha mchana kwenye hotipoti. Alipoulizwa anakaa wapi, alijibu kwamba anakaa Fukuto tangu Mheshimiwa hajawa Mheshimiwa, na kwamba hata huo wali ameupikia huko, kwa kuwa jiko la nyumba ya waziri huharibika kila umeme unapokatika.

Rais akageuka polepole kumtazama mlinzi wake mwenye miwani myeusi. Mlinzi akaivua miwani, akatazama chini.

Nasibu alikuwa bado amesimama. Aliwaona wenzake wote waliopita naye njia moja kila jioni kwa miaka, kila mmoja akijifanya anakwenda kwa shangazi, na moyo ukamtulia. Kufukuzwa pamoja na watu wengi hivi, aliona, si kufukuzwa; ni kuhama ofisi.

Rais hakumtazama. Alikuwa ameinamia ramani, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile, uso wake ulikuwa na nuru.

"Bi Asteria," aliuliza, "hili doa na lile la Songoro, lipi kubwa?"

Bi Asteria alipima, akapima tena. Alisema la Fukuto linazidi kidogo.

Rais aliegemea kiti. Alitaka kujua ni nani aliyesema kwamba Jiji la Viwanda liko mashariki. Hakuna aliyekubali kuwahi kusema hivyo. Waziri Mbarale alisimama kueleza kwamba yeye binafsi siku zote alikuwa na mashaka na mashariki. Rais akasema maendeleo ni kitu chenye miguu, hayakai mahali pamoja. Jiji lilikuwa limehama kwa hiari yake, na wajibu wa serikali ni kulifuata. Makofi yalipigwa, na Nasibu akaketi.

*

Kazi ya kubadilisha ramani haikuchukua muda, kwa kuwa ilikuwa ni kubadilisha majina mawili tu. Fukuto likawa Jiji la Viwanda. Majengo ya mashariki yakawa Pori Namba Tisa, na kampuni ya Pumzi Safi ikakabidhiwa yote, pamoja na wale mbuzi wawili. Kampuni ilifurahi sana, kwani setilaiti yenyewe ilikuwa shahidi kwamba pale hapajawahi kuwaka hata kiberiti kabla ya siku ile ya soda. Inasemekana huyo ndiye mwekezaji wa kwanza katika historia ya Majivuni kupata alichoahidiwa.

Rais alikuja kulifungua jiji. Alisema amelijenga kwa mikono yake. Waliolijenga kwa mikono yao walimpigia makofi ya nguvu, kwa sababu bomba la maji lilikuwa lifunguliwe baada ya hotuba, na walitaka iishe. Bomba lenyewe lililetwa haraka kwa ajili ya wageni wa ile jumuiya ya setilaiti, ambao walikuja kulisihi doa lipungue na walihitaji pa kunawa. Rais aliwaahidi kulipunguza nusu, mara picha ya doa hilo itakapokwisha kutundikwa Ikulu mahali ambapo Balozi wa Songoro hawezi kuikwepa. Bi Asteria hakungoja picha. Alikaa na Mwanaidi kwenye benchi la tanuri, wakachora chini kwa kijiti tanuri jipya litakalokula kuni nusu, na wachoma matofali wakasogea kutazama.

Mashine ya kijani nayo ililetwa kama ada, ikanguruma, ikaachwa katikati ya njia ikingoja lori. Mafundi wa kuchomelea hawakuwa na subira ya lori. Waliifungua wakagundua ni mashine ya kukoboa mpunga iliyofungwa kinyumenyume. Wakaigeuza. Hivi ninavyosimulia inakoboa.

Nasibu hakufukuzwa. Idara yake ilibadilishwa jina ikawa Idara ya Penye Watu, na barua ya kwanza aliyoandika, kwa mwandiko ule ule, ilikuwa ya kuomba daktari wa zahanati. Mwanaidi aliisoma kabla haijatumwa, akamwambia lugha yake ni fasaha. Kisha yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi mji ukishakuwa mji, wakubwa nao huusikia. Siku moja Waziri Mbarale alimwita Nasibu ofisini, akafunga mlango, akateremsha sauti. Alisema amechoka na kelele za mtaa wa mawaziri, maji yenyewe huko hutoka kwa msimu. Akauliza, kwa unyonge ambao Nasibu hakuutegemea, kama kule kwao bado kuna kiwanja.

Nasibu alilipeleka swali kwenye kamati. Mwanaidi ndiye aliyempa jibu la kurudisha.

"Mwambie kiwanja kipo. Lakini hapa hatumpi mtu tusiyemjua. Aje kwanza kwenye foleni ya maji, watu wamwone."

Waziri alinuna juma zima. Alisema hajawahi kusikia dharau kama hiyo. Jumamosi asubuhi, hata hivyo, gari lake lilisimama kando ya Jiji la Viwanda bila bendera, akashuka na ndoo mpya yenye karatasi ya dukani bado ubavuni, akajipanga mwisho wa foleni. Aliyekuwa mbele yake ni Mzee Shaha. Waziri akakohoa, kikohozi kile ambacho wizarani hufungua milango. Mpishi aligeuka, akamwamkia kwa adabu, akamuuliza habari za nyumbani na za watoto. Kisha akageukia mbele, akasogeza ndoo yake, wala hakumpisha.